Majivu, Magome na Mawese

Yahuma, katika mkoa wa Tshopo huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mbuzi hachunwi. Akishachinjwa hulazwa juu ya moto wa majani makavu, manyoya yakaungua, ngozi ikakwanguliwa kwa kisu mpaka ikatakata, kisha nyama hukatwa pamoja na ngozi yake na kuingia sufuriani. Ngozi ni sehemu ya kitoweo, na wapo wanaoipenda kuliko mnofu. Kwa hiyo mtu anayetaka ngozi ya kutengeneza hana budi kuwahi kabla moto haujawashwa. Aongee na mwenye mbuzi, amfidie kile kitakachopungua chunguni, na ikiwezekana achune mwenyewe. Kazi ya ngozi huku huanza kwa mazungumzo, na fundi asiyejua kuongea na majirani zake hapati hata kipande.

Fundi ninayemwandika ni mzee wa huku huku, upande wa kushoto wa Mto Kongo, magharibi ya Isangi, ndani ya msitu ambako pikipiki ndiyo gari la abiria na la mizigo. Hana karakana. Ana ua nyuma ya nyumba, gogo moja, bidoni kadhaa za njano zilizokatwa vichwa, kinu, na panga kuukuu. Vifaa vyote ukivikusanya havijazi toroli.

Adui wake ni unyevu. Vipimo vya kituo cha utafiti cha Yangambi, ambacho ni jirani kwa hesabu za Tshopo, vinaonyesha mvua ya takriban milimita 1,800 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Umasaini jua ni msaidizi: ngozi mbichi hutandazwa chini, ikawambwa kwa vigingi pembeni, na upepo wa nyika ukaikausha kabla haijapata nafasi ya kuoza. Yahuma ukiitandaza hivyo, kesho yake utakuta inzi, na keshokutwa manyoya yanang'oka yenyewe kwa harufu ambayo haihitaji maelezo. Ndiyo maana kazi ya mzee huyu ina mienendo miwili ambayo sijaiona ikikaa pamoja kwa mtu mmoja mara nyingi: siku ya kwanza ana haraka ya mtu anayekimbia kuzima moto, na baada ya hapo hana haraka yoyote.

Tuanze na haraka. Mbuzi amening'inizwa kwa miguu ya nyuma kwenye boriti ya jiko la nje. Fundi anapasua mstari mmoja katikati ya tumbo, mistari minne ndani ya miguu, na mzunguko shingoni, kisha anakiweka kisu chini. Kinachofuata ni ngumi. Anaipenyeza kati ya ngozi na nyama, vifundo vya vidole vikielekea upande wa nyama, anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta, na ngozi inaachana na mwili kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka taratibu. Nilimuuliza kwa nini hatumii kisu, maana kingemaliza mapema.

"Kisu kinakata na pasipotakiwa, mwanangu," alisema. "Kovu la kisu halionekani leo. Litaonekana siku ya kuvuta."

Ngozi haiachwi ipoe. Ikiwa bado na joto la mnyama inaoshwa damu kwa maji ya mto, kwa kuwa damu ndiyo huoza kwanza, kisha inarushwa juu ya gogo. Gogo hili ni la mti mgumu, limemenywa gome, limesuguliwa mpaka likawa laini, na limeegemezwa kwa mteremko hivi kwamba ncha yake ya juu inafika kitovuni mwa fundi. Anaibana shingo ya ngozi kati ya tumbo lake na gogo. Mikono yote miwili inalishika panga kuukuu, lililopigwa butu makusudi na kuvikwa mpini ncha ya pili pia, naye anasukuma kwenda chini. Mafuta, mabaki ya nyama na ule utando mwembamba wenye mishipa vinajikunja mbele ya chuma na kuanguka. Panga lingekuwa kali lingetoboa. Likiwa butu linasukuma kisicho ngozi na kuiacha ngozi. Tumboni, ambako ni pembamba, anapunguza nguvu bila kutazama; nilijua tu kwa sababu sauti ilibadilika. Nilipojaribu kupitisha kidole mahali alipokwisha, hapakuwa na kitu cha kushika, ni weupe mtupu, baridi na wenye utelezi.

Sasa majivu. Hayatoki kwenye kuni zozote. Baada ya chikichi za mawese kuchambuliwa, makonyo yanayobaki hukaushwa na kuchomwa, na majivu yake yana potasi nyingi. Ndiyo hayo hayo ambayo watu wa misitu hii wametumia tangu zamani kupikia sabuni. Anayajaza ndani ya kikapu kilichotandikwa majani, anamimina maji juu yake kidogo kidogo, na chini kwenye bidoni yanadondoka maji ya rangi ya chai hafifu. Ukiyasugua kati ya vidole yanateleza kama sabuni. Kupima ukali wake anatia yai bichi la kuku. Likizama, anarudisha maji kikapuni yachujwe tena. Likielea na kuonyesha juu ya maji duara dogo la ganda, yanatosha. Likielea nusu nzima, yamezidi, anaongeza maji ya kawaida.

Ngozi inakaa humo siku tatu, nne, wakati mwingine tano, na kila asubuhi na jioni anaigeuza kwa fimbo ili pasiwe na mkunjo usiofikiwa. Anachosubiri ni mizizi ya manyoya ilegee. Anapima kwa kidole gumba, akianza tumboni na kumalizia kwenye uti wa mgongo karibu na shingo, kwa kuwa hapo ndipo manyoya hung'ang'ania mwisho. Nilidhani sehemu tisa kati ya kumi zikikubali inatosha. Yeye aliirudisha ngozi ndani ya bidoni kwa ajili ya kile kipande kimoja cha shingo, upana wa kiganja, na akaenda shambani.

Ilipokubali yote, manyoya yalitoka gogoni kwa mgongo wa panga, mafungu mazito yaliyolowa, na chini yake ukajitokeza uso ambao mbuzi mwenyewe hakuwahi kuuonyesha. Ngozi ilikuwa imevimba, imekuwa nyeupe yenye ubuluu kidogo, ikipitisha mwanga ukiinyanyua juani. Vitundu vya manyoya vilikuwa vimejipanga kwa safu fupi zilizopinda. Fundi akaniambia nisiuguse uso huo kwa kucha. Katika hali ile, alama ya ukucha haifutiki.

Hapa njia inagawanyika. Kama ngozi ni ya ngoma, safari yake inaishia karibu na hapa: inaoshwa, inawambwa ikiwa mbichi juu ya mzinga, inakazwa kwa kamba, na inaachwa ikauke. Ngozi ya ngoma haiivishwi kwa magome, kwa sababu ikilainika itakosa sauti. Wanaosema mwamba ngoma huvutia kwake wameiona kazi hii kwa macho, maana kweli ngozi mbichi ikivutwa upande mmoja inahama, na fundi mzuri huzunguka mzinga akikaza pande zinazokabiliana moja baada ya nyingine. Lakini ngoma iliyoipa Tshopo sifa duniani haina ngozi kabisa. Lokole ya Walokele, wanaoishi kando ya mto kati ya Isangi na Kisangani, ni gogo lililochimbwa kupitia ufa mwembamba, likawa na midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini, zikifuata kupanda na kushuka kwa lugha yenyewe. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kujifunza kuipiga, aliiandikia kitabu mwaka 1949. Naitaja kwa sababu wageni hufika huku wakitafuta ngozi kwenye ngoma isiyo na ngozi, na hawaoni ngozi iliyoko nyuma ya nyumba.

Turudi nyuma ya nyumba. Maji ya majivu yaliyofungua mizizi ya manyoya sharti yatoke, la sivyo magome hayatashika. Ngozi inafungwa kwenye mzizi wa mti kijitoni na kuachwa mkondo uipitie kutwa nzima. Usiku inalala kwenye maji yaliyolowekewa mihogo, ambayo yamechacha na kuwa na ukali wa kutosha kuua majivu yaliyobaki. Asubuhi ule uvimbe umekwisha, na ngozi inaning'inia mkononi kama kitambaa kilicholowa. Fundi anaikunja mara mbili, anabana kwa kidole gumba, anaachia. Alama ya gumba ikibaki pale pale bila kurudi, iko tayari. Ikirudi juu, bado kuna majivu ndani. Ni kipimo kidogo mno, na wasindikaji wa ngozi katika nchi nyingi wamekitumia kwa vizazi.

Magome anayapata kwa miti iliyo jirani: mwembe na mpera. Haambui mti mzima. Anangoja matawi yaliyokatwa kupunguza kivuli, au akikata kwenye shina anachukua kipande cha upande mmoja tu, kwa kuwa mti uliovuliwa gome mzunguko mzima hufa. Anatafuna kipande kabla ya kukubali. Kinywa kikikauka na ulimi ukapatwa na ukakasi, kama ule wa pera bichi, gome ni zuri. Ukakasi huo ndio tanini yenyewe, inayoshikana na protini za mate yako namna ile ile itakavyoshikana na nyuzi za ngozi. Pwani ya Afrika Mashariki magome yalikuwa ya mikoko, na meli zilikuwa zikiyapakia delta ya Rufiji na Lamu kupeleka viwanda vya ngozi vya Ulaya. Njombe, Tanzania, yametoka kwenye mashamba makubwa ya miwati, mti wenye asili ya Australia, yaliyoanza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Yahuma ni mwembe wa uani.

Magome yanatwangwa kinuni mpaka yawe nyuzinyuzi, yanamwagiwa maji ya moto, yanapoa, yanachujwa. Kila kitu kinafanyika kwenye plastiki au mbao. Niliona mjukuu wake akileta sufuria ya chuma iliyoota kutu, na mzee akaikataa kwa kunyanyua kidole tu. Baadaye alinionyesha sababu: alidondosha tone la maji ya magome kwenye panga, na kabla hatujamaliza kuongea pakawa na doa jeusi kama wino. Chuma na tanini vikikutana hutoa weusi, na weusi huo ukiingia ngozini hautoki.

Na hapa ndipo subira yake inapoonekana kwa uwazi kuliko popote. Anayo magome ya kutosha kutengeneza maji mazito siku ile ile, lakini anaanza na maji mepesi, mepesi kiasi kwamba unaona chini ya bidoni. Ngozi inakaa humo siku kadhaa, ikigeuzwa. Kisha anaongeza ukali kidogo. Kisha tena. Maji mazito yakitangulia, uso wa ngozi huiva upesi na kujifunga, na tanini haipati njia ya kuingia katikati. Kwa nje utaona ngozi iliyokamilika, rangi nzuri, na kwa ndani kuna ubichi unaosubiri kuoza. Wasio na subira hutoa ngozi ya namna hiyo, na mnunuzi hagundui mpaka mkanda umekatika.

Ili asidanganyike na rangi ya nje, fundi anakata. Kila baada ya siku chache anachukua shingo, sehemu iliyo nene kuliko zote, na kukata ukingoni kipande chembamba kama kijiti cha kiberiti. Anakishika kuelekea mwanga na kutazama palipokatwa. Mara ya kwanza nilipotazama naye niliona rangi ya kahawia pande mbili, na katikati utepe mweupe, mpana. Wiki iliyofuata utepe ulikuwa uzi. Kisha uzi ukawa ukungu ambao mimi sikuuona tena, na nikasema imeiva. Mzee akayapeleka macho yake karibu zaidi, akakisugua kile kipande, akairudisha ngozi ndani ya maji. "Bado inapumua," alisema, na nikaelewa kwamba anaongelea ubichi. Iliongezewa siku nyingine tano. Kwa ngozi ya mbuzi kazi hii ya magome huchukua wiki tatu hadi sita. Hakuna siku ambayo alihesabu. Alikata na kutazama.

Viwandani hakuna anayesubiri hivyo. Mwaka 1884 August Schultz, huko Marekani, alipata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromu, na leo sehemu kubwa ya ngozi duniani huiva kwa njia hiyo ndani ya siku moja au mbili. Ni ngozi nzuri, inastahimili joto, na sina neno juu ya viatu vinavyotokana nayo. Lakini maji yake hayafai kumwagwa kijitoni ambako watu wanaoga na kuloweka mihogo. Maji ya mwisho ya mzee huyu, yaliyochoka, humwagwa chini ya migomba.

Ngozi iliyotoka kwenye magome ina rangi ya chai iliyokolea, na ikiachwa ikauke hivyo hivyo itakuwa ngumu na kupasuka. Inaoshwa, inakamuliwa gogoni, na ikiwa bado na unyevu inapakwa mawese yaliyopashwa moto kidogo. Maji yanapotoka, mafuta yanaingia mahali pake kati ya nyuzi. Njia ya mafuta ni ya kale mno. Mtu aliyekutwa ndani ya barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa amevaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta, na suruali yake ya miguu ilikuwa ya mbuzi wa kufugwa. Mawese yanaongeza wekundu wake, kwa hiyo ngozi za Yahuma zina rangi ambayo sijaiona kwenye ngozi za miwati.

Kisha inavutwa, na hii ndiyo kazi ya jasho. Fundi na mjukuu wake wanaipitisha juu ya ukingo wa nguzo uliochongwa, kila mmoja ameshika upande, wanavuta huku na huku, wanaigeuza, wanavuta kwa mshazari. Wakiacha, nyuzi zitashikana. Wakiendelea mpaka unyevu uishe, zitakauka zikiwa zimeachana, na ngozi itabaki laini. Kwa hali ya hewa ya huku unyevu hauishi upesi, basi wanavuta, wanaifunika kwa jani la mgomba, wanapumzika, wanavuta tena, tangu asubuhi mpaka giza. Ndipo nilipoona kovu alilolisema. Karibu na bega kulikuwa na mkwaruzo mmoja wa kisu, alioufanya mwenye mbuzi kabla fundi hajafika, na ulipovutwa ulifunguka ukawa mstari mweupe wa urefu wa kidole. Mzee aliupima kwa gumba, akaupangia nafasi: hapo patapita mkasi.

Mwisho ni moshi, kwa sababu ya ukungu. Ngozi inatundikwa juu ya jiko linalofukiza vipande vya mti uliooza, moto usiwake, moshi tu, kwa siku mbili. Moshi huo unaizuia isiote ukungu katika nyumba ambazo hata nguo sandukuni huota.

Kukata nako kuna elimu. Mgongoni, ambako nyuzi zimesukana zaidi, hutoka mikanda na vigwe vya kubebea. Ubavuni hutoka ala za visu na mikoba midogo. Tumboni ni laini na hutanuka, hapafai kubeba uzito. Kutoka kwenye kipande cha duara anatoa ugwe mrefu kwa kukata akizunguka kuelekea katikati, kisu kimechomekwa wima ubaoni na ngozi ndiyo inayovutwa, upana ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mikanda ya ngozi ya misitu ya Kongo imewahi kufika mbali. Mwaka 1900 Harry Johnston, akiwa na wadhifa wa serikali ya Uingereza huko Uganda, alipewa na askari wa kituo kimoja cha Wabelgiji karibu na Ituri mikanda iliyokatwa kwenye ngozi ya mnyama mwenye mistari ambaye wanasayansi hawakuwa wamemwona. Aliituma London, na mwaka 1901 mnyama huyo akapewa jina la kisayansi kwa kutazama vipande hivyo tu, akihesabiwa kuwa jamaa ya punda milia. Ni ngozi nzima na mafuvu yaliyofika baadaye mwaka huo yaliyoonyesha kwamba ni okapi, ndugu wa twiga. Aliyeichuna ngozi ile na kuikata mikanda hakuandikwa popote, ingawa bila kazi yake kusingekuwa na cha kutuma. Leo okapi na chui wanalindwa na sheria, na fundi wa Yahuma hagusi ngozi zao hata akiletewa usiku. Mbuzi wanamtosha.

Nilinunua mkanda uliotoka mgongoni. Kabla hajanipa, alichukua vipande viwili vya ukingoni, kimoja cha ngozi mbichi iliyokaushwa na kimoja cha ile iliyoiva, akavitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakipata moto kando jikoni, yakiwa bado hayajachemka. Kibichi kilijikunja papo hapo kikawa kifundo. Kile kingine kilikaa vilevile. Ngozi mbichi husinyaa kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Iliyoshiba tanini huvumilia mpaka 75 na zaidi. Yeye hakutaja nyuzi zozote. Alinitolea kile kilichonyooka, akakikausha kwa shati lake, akaniwekea kiganjani nikivute mwenyewe.

"Papa, nikinyeshewa nao?" niliuliza.

"Utanyeshewa, hii ni Yahuma. Uuanike kivulini. Usiupeleke karibu na moto. Ukikaribia kukauka, mawese kidogo, uusugue kwa mkono, siyo kwa kitambaa, ili usikie palipo pakavu."